Punje Chache Tu za Zambarau

Jumatatu, 5 Julai 2004
Wueh! Madam Rahab, mkuu wa shule, ametangaza mtihani wa majaribio wa kemia ni Ijumaa. Mimi Elphas ndiye mtu wa maabara. Chupa ya pamanganeti, zile punje nyeusi zinazotoa zambarau zikipata maji, ilijaa Januari. Leo nimeitingisha: kijiko kimoja! Kila jioni nabeba kidogo mfukoni, niwatilie kuku wangu wa nyumbani Isinya kwenye maji. Ni dawa. Kidogo tu! Lakini kuku ni mia na ishirini. Na niko na barua mbili za onyo. Ya tatu ni ya kwenda nyumbani. Mke wangu Jentrix akijua, atachukua watoto arudi kwao Kakamega.

Jumanne, 6 Julai
Akili ni mali! Mchanga mweusi wa mtoni, nimechekecha kwa chujio la chai, nikachanganya. Chupa imejaa. Inang'aa hata.

Jumatano, 7 Julai
Balaa. Mwalimu wa kemia, Madam Shirleen, ametoka semina na vibao vya plastiki vyenye vishimo vya kutosha ukucha. Anasema siku hizi kemia ni ya matone. Darasa zima litatumia nusu gramu. Nusu gramu! Kile kijiko kingetosha na kubaki! Mchanga niliweka wa nini mimi? Nikamwambia hayo ni mambo ya nasari. Alitia punje kwenye tone la maji, akainama na kioo cha kukuza. Juu zambarau, chini mchanga. Akabeba chupa hadi ofisini kwa Madam Rahab.

Alhamisi, 8 Julai
Wenye ufunguo wa maabara ni wawili: mimi na Ishmael, soja wa geti. Kesho asubuhi tunapimwa. Madam Shirleen atatia tone la maji kila mfuko wa makoti yetu. Hata vumbi lisiloonekana litatoa rangi. Sawa! Nimefua koti langu mara tatu. Halafu Ishmael alipoenda kupokea lori la kuni, nimenyunyiza punje nilizokuwa nimebakisha za kuku kwenye mifuko ya koti lake. Pole kwake. Yeye hana mke wa Kakamega.

Ijumaa, 9 Julai
Baridi! Koti langu bado bichi. Nimesimama nje ya ofisi na shati tu, natetemeka. Ishmael, shetani yule mwenye roho nzuri, akavua koti lake, akasema mzee Elphas atapata nimonia. Nilikataa mara mbili. Madam Rahab akasema niache kiburi, nivae. Nikavaa. Mikono ikaingia mfukoni yenyewe. Mazoea! Na jasho la hofu lilikuwa jingi. Madam Shirleen akaniomba nitoe mikono. Viganja zambarau! Tone lake hata halikutumika. Nikajitetea mbio kwamba nilimwekea Ishmael punje chache tu. Ishmael aliangalia chini. Niliona aibu, ukweli.

Jumamosi, 10 Julai
Ishmael ndiye ameniombea! Eti niko na watoto. Barua ya tatu imeandikwa, imefungiwa kwa droo ya Madam Rahab. Ufunguo wa maabara nimenyang'anywa. Sasa niko stoo ya jikoni. Jentrix amelia, akamshukuru Mungu. Hata mimi nimelia. Nimeapa sitagusa kemikali tena maishani.

Nimeonyeshwa stoo. Mahindi magunia arobaini! Kuku mia na ishirini, punje chache tu kila mmoja. Nimekagua vizuri. Mahindi hayatoi rangi.