Mpaka Uliochorwa na Ng'ombe wa Rugema

Jumatatu, 1 Julai 2013
Siku yangu imefika! Mkuu wa shirika letu ametangaza: atakayechora vizuri ramani ya eneo la Sange atakuwa chef, yaani mkubwa, wa ramani. Meza yake mwenyewe, dirisha linalotazama ziwa! Familia zilizokimbia vita zitapewa bashi, yale maturubai ya kuezekea, ila zilizo ndani ya mpaka tu. Mpinzani wangu Libérate ana kalamu na daftari. Mimi nina R! Programu ya herufi moja, lakini ukiipa alama za GPS inaziunganisha na mpaka unajichora. Maskini Libérate.

Jumanne, 2 Julai
Kikwazo kidogo. Lazima mtu auzunguke mpaka kwa miguu akiwa na GPS, na jana risasi zililia huko bondeni. Libérate amekwenda. Mimi tumbo limenishika ghafla.

Jumatano, 3 Julai
Dawa imepatikana! Rugema, mchungaji wa Rurambo kule milimani, ameteremsha ng'ombe bondeni kama kila kiangazi. Nimemvisha GPS shingoni, azunguke mpaka. Akasema hawezi kuwaacha ng'ombe. Nikamwambia aende nao, hakuna shida. Tumbo limepona. Nimelala mchana.

Ijumaa, 5 Julai
GPS imerudi inanuka maziwa. Alama elfu mbili! Libérate ana kumi na saba. R ilinigombeza kwa maandishi mekundu mara tisa, ya kumi ikachora. Mpaka una mikunjo, una pembe, una mkia unaoshuka hadi mtoni. Nimemweleza mkuu kwamba ardhi ndivyo ilivyo. Ameitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nimeshapima dirisha. Pazia litakuwa la kijani.

Jumatatu, 8 Julai
Balaa! Mkutano Sange, ramani yangu ukutani. Mama Élisabeth, mkulima wa mpunga, akaweka kidole pale mpaka unapojizungusha mara sita. Akasema hilo ni shamba lake, lililoliwa Alhamisi. Siku nne anamtafuta aliyelila, leo shirika limemletea alama za kwato. Watu walicheka hadi benchi likapinduka. Rugema, mlokole asiyejua uongo, akasimama, akaninyooshea kidole: “Ni kweli, mama. Minye nilikuwa nyuma ya ng'ombe. Njo huyu alinipatia kale kamashini.” Akaomba msamaha, akaahidi maziwa hadi mavuno. Wakapeana mikono. Mimi hakuna aliyenipa mkono.

La kuuma zaidi: familia arobaini zimeachwa nje ya mpaka, kwa sababu kwao hakuna majani. Hapo niliona aibu kweli.

Jumanne, 9 Julai
Libérate amepewa dirisha. Familia zote arobaini zimepata bashi kwa ramani yake ya kalamu. Nimefurahi kwa ajili yao, nimenuna kwa ajili ya pazia. Mkuu amenipa nafasi ya mwisho: eneo la Kamanyola, kwa miguu yangu mwenyewe. Nimeapa mbele yake.

Jioni nimejichunguza kwa dhati na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa ng'ombe. Kesho namkabidhi GPS Cyusa wa taksi-moto. Njia anaijua vizuri, kila kabare ya pombe kutoka hapa hadi Kamanyola wanamwita kwa jina. Na pikipiki haili mpunga!