Masikio ya Mgomba

Jamani Fideli na Kastori,

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe, hapa mtaani kwetu Soweto. Nawaandikia mapema, maana mkisikia kwa watu mtaongeza chumvi.

Mnamjua Tika, binti wa dada yangu, yule aliyeanguka kwenye mparachichi kule Kalenga akavunjika mguu. Wiki ya sita sasa yuko kwangu na mama yake, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Kesho asubuhi plasta inakatwa. Mgonjwa mmoja alimwambia inakatwa kwa msumeno. Tangu hapo mtoto hali vizuri.

Sasa, mwezi uliopita nilinunua chumvi dukani, ikafungwa kwenye ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha Kizungu. Ukurasa una picha: watu wembamba wa msituni, masikio yamechongoka, wameshika ngao, mbele yao wingu jeusi lenye macho. Tika aliuchukua kabla hata chumvi haijamiminwa. Kufikia jioni tulikuwa na jeshi, Kikosi cha Masikio Marefu, kinacholinda msitu dhidi ya Giza. Yeye ni Jemadari. Mimi ni koplo. (Niliulizia kupandishwa cheo. Alisema atafikiria.)

Sheria za kikosi si za mchezo. Masikio ni magome makavu ya mgomba, yanafungwa kichwani kwa kipande cha kanga kuukuu. Uso unapakwa unga ili ung'ae. Silaha ni mwiko, ngao ni ungo. Giza huja kwa sura ya watu wa kawaida, tena lina adabu, hubisha hodi. Kwa hiyo hakuna kufungua mlango mpaka mtu ataje neno la siri. Neno nililichagua mimi, "kamwene", salamu yetu Wahehe, kwa kuwa mtaa wetu ni Wanyakyusa na Wasafwa watupu.

Leo ilikuwa vita ya mwisho. Tika akaniapisha.

"Mjomba, masikio hayavuliwi mpaka jua lizame. Ukivua kabla, Giza litaingia kwenye mguu wangu, halafu kesho msumeno utauma."

Nikaapa. Mtu unaapa tu, Jumapili, huna safari.

Saa nane, dada yuko sokoni. Hodi.

Tika akachungulia dirishani. "Wawili. Mmoja ana koti jeusi na mwavuli. Ndio wenyewe."

Nikajua ni jirani yangu, ambaye kila Jumapili huja na mkewe kuazima pampu ya baiskeli. Nikaona leo nimchekeshe. Nikasimama nyuma ya mlango, nikavuta pumzi, nikanguruma: "Enyi wana wa Giza! Rudini kwenye shimo mlikotoka! Humu hamtapata mtu!"

Nje, mwavuli ukagota chini.

Kisha sauti ya taratibu: "Sisi ni wazazi wa Tumpe. Tumetoka Tukuyu."

Mnakumbuka posa yangu. Mshenga amekwenda Tukuyu mara tatu. Mzee Ambakisye, baba yake Tumpe, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa Mhehe asiyemjua, atakuja siku moja aone mwenyewe naishije. Hakutaja siku. Na mimi nimekwisha kumwambia humu hatapata mtu. (Mtu ndiye aliyekuja kumtafuta.)

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye masikio. Tika akaushika. Alikuwa anatetemeka mpaka plasta inagonga mguu wa kiti. Jamani, nampenda Tumpe, mnajua nilivyokonda. Lakini mtoto huyu nilikuwa nimemwapia. Nikayaacha masikio yakae.

Nikanyoosha mkono kwenye komeo.

"Neno la siri," Tika akawaambia walio nje.

"Tika, hawa ni wageni," nikanong'ona.

"Giza lina adabu, Mjomba."

Nje mzee akakohoa. Nikamsikia akimwambia mkewe, "Ngoja tumsalimie kwa kikwao, labda atatulia." Halafu, polepole, kama mtu aliyejifunza ndani ya basi: "Kamwene."

Tika akashusha pumzi. "Wapite. Ni wa kwetu."

Wakapita. Mzee akanitazama kuanzia masikio mpaka mwiko. Mama yake Tumpe akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nikainama kutoa shikamoo, unga ukanidondoka. Nikawapa viti. Nikamimina chai, sikio la kushoto likatumbukia kwenye kikombe cha mzee. (Nilikibadilisha. Kile nikanywa mwenyewe.)

"Kijana," mzee akasema hatimaye, "hayo unavaa na kazini?"

"Hapana, baba."

"Basi mbona huvui?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini: plasta, msumeno, kiapo. Nilipomaliza nilijua Tumpe amekwisha kunitoka.

Mzee akaweka kikombe chini, akamgeukia Tika, akapandisha suruali na kumwonyesha kovu refu kwenye muundi. "Mimi nilianguka na baiskeli. Nilifungwa plasta kama yako. Ule msumeno unakata plasta tu, mjukuu wangu. Mguuni unatekenya."

Alisema mjukuu wangu. Sikuthubutu kumtazama.

Tika akampima. "Lakini una masikio mafupi."

"Basi nipe marefu."

Akafungiwa masikio, akapewa ukapteni papo hapo. (Mimi bado koplo.) Tika akacheka, akaomba kiporo cha wali, akamaliza sahani.

Wageni wakaaga kuwahi basi. Mama yake Tumpe akanishika mkono. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Na mgeni lazima asindikizwe, tena mkwe. Na jua lilikuwa bado juu. Nikatoka na masikio yangu. Soweto nzima ilitoka pia, akiwemo jirani wa pampu. Tulipofika barabarani ndipo nikaona mzee naye bado amevaa yake. Nikaona aibu kwa niaba yake.

"Baba," nikamnong'oneza, "masikio."

Akasimama, akatazama juu ya milima upande wa magharibi.

"Halijazama bado, mkwe wangu," akasema, akafungua mwavuli, akaendelea kutembea.

Basi naomba msinicheke. Na mkishindwa kabisa, chekeni kwa heshima, maana mnamcheka na baba mkwe.