Habari ya Mkono-Mwepesi na Pakiti Zilizokataa Kufunguliwa

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi mnaosubiri majibu ya vipimo na enyi mliowasindikiza wanaosubiri. Zimeni simu, zuieni vikohozi visivyo vya lazima, kwani nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa saa tatu ya asubuhi katika chumba cha upasuaji namba mbili, vita ambamo hakufa mtu, na damu iliyomwagika ilikuwa ile tu iliyopangwa. Ee ulimi wangu, usiniangushe. Nanyi mate, msinikaukie kabla sijafika mwisho.

Alikuwako muuguzi, jina lake la vita Mkono-Mwepesi, binti wa mpishi wa shule, mvaa makubazi ya mpira, mlinzi wa kabati la nyuzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuizunguka meza ya upasuaji na kufungua pakiti kila zilipohitajika. Neno hilo, zilipohitajika, ndilo lililoleta vita. Kwani mtawala wa meza ile alikuwa daktari bingwa mwenye mikono ya dhahabu na moyo wa wasiwasi, ambaye chumba kizima kilimwita, akishatoka, Daktari Endapo. Hakukata hata jipu kabla hajaona kila kitu kimefunguliwa na kutandazwa mbele yake: glovu za akiba, shashi za akiba, nyuzi za akiba, na akiba ya hizo akiba. "Fungueni," husema, "endapo." Endapo nini, hakumalizia kamwe.

Na sheria ya chumba kile haina huruma: pakiti ikishafunguliwa, itumike isitumike, hairudi kabatini. Huingia katika mfuko mwekundu, na mfuko mwekundu huishia kwenye tanuri nyuma ya jengo. Miaka minne Mkono-Mwepesi aliikokota mifuko ile hadi mlangoni, imevimba kwa vitu visafi ambavyo havikumgusa mgonjwa yeyote, na kila alipoikokota alisonya.

Sasa asubuhi hiyo kabatini zilibaki pakiti sita tu za uzi mnene, na stoo haikuwa na hata moja. Wagonjwa walikuwa wawili. Wa kwanza fundi cherehani mwenye ngiri. Wa pili, naye na ngiri yake ya kitovuni, shangazi yake Mkono-Mwepesi, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Wiki iliyotangulia shangazi huyo alishinda na njaa mpaka mchana, kisha akarudishwa wodini kwa kuwa nyuzi zimekwisha, zote zikiwa zimefunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyetumia mbili. Mkono-Mwepesi alilia siku ile, tena kwa hasira, na aliapa kwamba mara ya pili haitokuwapo.

Basi fundi alikuwa tayari mezani, keshachomwa ganzi ya mgongoni: kiunoni kwenda chini hana habari, kiunoni kwenda juu yu macho tele, pazia la kijani mbele ya uso wake. Daktari Endapo akaingia, mikono juu, maji yakichuruzika viwikoni.

"Uzi mnene," akasema. "Fungua zote sita."

Mkono-Mwepesi akasimama mbele ya kabati, akajaza kifua pumzi, akanena:

"Ewe bingwa, ewe mwenye mikono isiyotetemeka, uliyeshona matumbo ya watu wazima na watoto wao! Uzi utaupata, nao utakufikia kabla hujamaliza kunyoosha vidole, kwa maana nitasimama hatua tatu kutoka kwako na pakiti mkononi, na kope sitapepesa. Lakini sita sizifungui, daktari. Mama anayefuata ni shangazi yangu, na hajala tangu jana."

Mashine ya mapigo ya moyo peke yake ndiyo iliyoendelea na mazungumzo.

"Dada yangu," akasema Endapo, "mimi sibishani nikishanawa. Uzi ukianguka je?"

"Nafungua mwingine."

"Na ukichelewa?"

"Nikichelewa, kesho nipelekeni kufulia mashuka. Na humu nisirudi."

Hakuwa akitania. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Endapo akafumbua mdomo alete neno lake maarufu, ndipo ikatoka sauti nyuma ya pazia.

"Samahanini wataalamu," akasema fundi, "mimi si msomi. Lakini huu mwaka wa thelathini nashona, na sijawahi kukata vitambaa vyote vya dukani kwa ajili ya suruali moja. Fundi wa hivyo sisi tunasema hajiamini."

Muuguzi wa mezani, yule anayemkabidhi daktari vyombo, mtu ambaye kicheko chake hakijulikani, alicheka mpaka barakoa ikapanda puani.

"Wewe lala," akaamuru Endapo.

"Nimelala, daktari. Ningekwenda wapi na miguu hii?"

Mtawala akavuta pumzi ndefu. "Fungua mmoja," akasema hatimaye. "Lakini nikinyoosha mkono nikakuta hewa, dada, tusilaumiane."

Vita vikaanza. Kisu kikapita, makoleo yakauma, ngiri ikarudishwa kwao ilikotoka, na uzi wa kwanza ukashona mishono minne iliyonyooka. Katika wa tano, sindano ikamponyoka bingwa kwa mara ya kwanza mwaka ule, ikaburura uzi wake ukingoni mwa meza, ikatua sakafuni.

Mkono wa Endapo ukanyooka, mtupu. Mkono-Mwepesi akashika mabawa mawili ya karatasi ya pakiti mpya akavuta, nayo yakagoma! Gundi imekaza pembeni. Angevuta kwa pupa karatasi ingechanika na uzi kuharibika. Lakini hakuwa na pupa shujaa yule. Akahamia pembe ya pili, akabandua taratibu, karatasi ikaachia, na koleo la muuguzi wa mezani likaudaka uzi ndani yake.

"Endapo u—" akaanza daktari.

"Huo hapo mkononi mwako," akajibiwa.

Akautazama. Akashona mpaka mwisho.

Baadaye kidogo akasukumwa shangazi kwenye kitanda cha magurudumu, uso umekunjamana. "Kama ni kunirudisha tena, semeni sasa hivi."

"Leo hurudi, shangazi."

Ikasogezwa meza, zikawashwa taa. Mkono-Mwepesi alikuwa keshaishika pakiti, vidole juu ya mabawa, akingoja amri ya zamani. Daktari Endapo akainua kiganja chenye glovu.

"Usifungue kwanza," akasema. "Nitakuomba."

Pigeni vigelegele, enyi kizazi cha leo, na mtakaozaliwa waambieni: majemadari wameteka miji kwa makelele mengi na kwa faida ndogo kuliko ile, kwa maana siku hiyo bingwa aliomba uzi, akapewa uzi, akashona. Pakiti tatu zililala kabatini zimefungwa, na shangazi, saa tisa alasiri, alikula.