Gia Tano na Gauni la Bibi Harusi

Kama yupo binadamu mwenye petroli mahali pa damu, basi ni yule fundi cherehani aitwaye Gia Tano! Jina alijipa mwenyewe. Watu wakaona uungwana ni kumwachia.

Ukimpelekea suruali aipunguze, utapimwa kiuno huku ukisomewa washindi wote wa mbio za magari, tangu enzi zile gari likishindana na vumbi lake. Nani alitwaa kombe la jangwani, nani aliongoza mbio nzima akaja kuishiwa mafuta bendera ile pale anaiona!

"Zile mbio za saa ishirini na nne," husema, pini mdomoni, "zamani madereva walipangwa ng'ambo ya barabara. Ikitolewa ishara, mbio kwa miguu hadi kwenye gari! Ningekuwepo mimi, wangekuta nimeshaondoka!"

"Kwani wewe umewahi kuendesha nini?"

"Lo! Samaki huulizwa kama anajua kuogelea?"

Chombo pekee alichowahi kukiendesha ni cherehani, nayo ya kukanyaga.

Ikafika harusi ya mdogo wa mkewe. Gauni alilishona yeye, na haki ya mtu mpe: lilitulia! Bibi harusi alikuwa saluni upande wa pili wa mji, kichwa tayari, anasubiri nguo. Kaka yake ndiye angelipeleka pamoja na mama yao, lakini akiwa anaosha gari alikanyaga povu la sabuni, akaenda chini pwaa! Kifundo cha mguu kikavimba kama boga.

Sebule nzima ikageuka kumtazama Gia Tano.

"Mkwe," mama mkwe akasema kwa upole, "leo ndiyo siku yako."

Sasa umwambie mama mkwe hujui? "Nipeni funguo," akajisikia anasema.

Mama mkwe akaketi nyuma, amelipakata lile gauni jeupe kama kichanga. Gia Tano akawasha. Gari likaruka kama chura, likazima. Akawasha tena. Likaruka, likazima.

"Mkwe, hili gari lina kwikwi?"

"Napasha tairi moto, Mama. Mabingwa wote hufanya hivyo."

Lilipokubali kuondoka, lilinguruma kama simba na kutambaa kama konokono. Kwenye dirisha la sebule, yule shemeji aliyeumia alikuwa akipiga ukelele: "Breki ya mkono! Breki ya mkono!" Katika kelele zile Gia Tano aliambulia "mkono" tu. Akautoa wake nje, akampungia.

"Umeona, Mama? Wananishangilia!"

Muuza maziwa akawapita kwa baiskeli. Bibi kizee mwenye mkongojo akawapita, akasimama kuwasalimu, wakampita, kisha akawapita tena bila hata kuhema!

Mara moshi. Mama mkwe akakohoa, akalitazama gauni.

"Simamisha."

"Mama, tumebakiza kidogo tu..."

"Simamisha, baba!"

Kusimamisha ndiko hasa alikokuwa hajafundishwa. Akakanyaga kila kilichokuwa chini ya miguu yake. Gari likazima, nadhani kwa huruma.

Mama mkwe akashuka, akalinyanyua gauni juu ya kichwa lisiguse vumbi, akatia mwendo. Alipokata kona hakugeuka nyuma.

Gia Tano akabaki na usukani, jasho na aibu. Wapita njia wakamzunguka. Mmoja akachungulia ndani, akaishusha breki ya mkono kwa kidole.

"Ndugu, unajua kuendesha kweli?"

"Najua... walioshinda."

Walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakalisukuma gari lile hadi nje ya saluni, yeye akiwa nyuma kabisa, bega kwenye buti.

Alipotia mguu ndani alikuta gauni limeshavaliwa. Bibi harusi alizunguka mbele ya kioo, machozi yakimlengalenga. "Shemeji, limenikaa kama ngozi yangu! Mungu akuweke!"

Kifua cha Gia Tano kikaanza kufura upya. "Kwa kweli, shemeji, barabara ilikuwa ngumu, ila mimi..."

Nje, gari la kuwapeleka ukumbini likapiga honi. Mama mkwe akachukua mkoba wake, akamtazama kwa upendo wa dhati.

"Twende, mkwe. Utapanda na sisi, au utasukuma?"