Mnada wa Vihariri, Mtaa wa Kipata

Jumatatu, 4 Machi 2002

Nimepoteza mistari 1,146. Jana Jumapili, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ilikuwa sehemu ya kutafutia maneno ya kamusi yetu, kazi ya wiki tano. Imekwenda. Mhusika: Keyur.

Niandike yalivyokuwa, yasije yakapotoshwa. Tuko watatu. Mimi, Theopista, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi Mtaa wa Aggrey. Keyur, anayeuza nyaya na balbu kwenye duka la mama yake, Mtaa wa Kipata. Mwanamkuu, mwalimu wa Magomeni. Tunaunda kamusi ya Kiswahili ya kompyuta, programu huria: yeyote aichukue, ainakili, airekebishe, bure. Kompyuta ni moja, mtumba wa Dubai, iko chumba cha juu ya duka la kina Keyur. Humo Keyur kaweka kihariri chake cha kuandikia programu. Tunakiita Cheusi. Kioo cheusi, hakuna menyu, hakuna kitufe, hakuna hata neno la karibu. Kuingia unaingia. Kutoka? Nilihangaika dakika arobaini. Nikachomoa waya ukutani.

Keyur anasema si ningemwita tu. Nimwite anionyeshe mlango! Mimi niliyeanza biashara na bahasha kumi kwenye sinia!

Basi Cheusi kiondoke, kiingie changu, Cha-Dirisha. Kina menyu, kina rangi, kina picha ya mkasi kwa anayetaka kukata. Diski imebaki na nafasi ya kimoja tu. Na tulishakubaliana: mwenye kihariri kitakachochaguliwa ndiye mlezi wa programu, jina lake linatangulia ukurasa wa kwanza. Tarehe 30 Juni kamusi inaingia kwenye CD za kugawa Sabasaba. Nakala 500.

Mchana nilifumba macho kidogo kaunta. Feni inazunguka polepole. Nikaona vioo mia tano vikiwaka, kimoja, kingine, kingine, kama taa za Kigamboni ukizitazama toka Kivukoni. Kila kioo: Theopista Anselmi. Mteja aligonga kaunta kwa sarafu mara tatu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepeleka hoja kwa takwimu. Amri za kukariri, Cheusi: 62. Cha-Dirisha: 0. Nikaacha namba ziongee zenyewe.

Keyur akasema tushindane. Kazi: neno moja lililokosewa, lisahihishwe kila lilipo kwenye mistari 300. Akagusa vibonye kama anayepangusa vumbi. Sekunde tisa. Zamu yangu, nikakiwasha Cha-Dirisha toka kwenye CD, sekunde tisa zikapita kinafunguka tu. Kinaanza na picha ya mawingu. Mawingu mazuri, yanajichora mstari kwa mstari, bila haraka. Nilisahau kidogo niko mashindanoni.

Keyur aliuliza kama aniletee soda wakati nasubiri, dada Theo, maana huko mawinguni safari ndefu. Akaileta kweli. Dakika mbili na sekunde hamsini. Soda niliinywa, sikushukuru.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango mpya: kura. Yangu moja, ya Keyur moja, kwa hiyo yote yako kwa Mwanamkuu. Nimempelekea vitumbua sita vya moto shuleni kwake, saa ya mapumziko.

Alikula vyote. Kisha akafuta vidole na kusema hapigi kura ng'o. Akinichagua mimi, Keyur atanuna mwezi mzima. Akimchagua Keyur, mimi nitasema mwaka mzima. Akaniuliza kwani uongo, shoga?

Akatoa wazo. Baba yake, Mzee Ramadhan, ananadi samaki soko la Feri mwaka wa thelathini huu. Kule hawabishani: samaki anawekwa chini, bei inapandishwa, mwenye bei ya juu anabeba siku hiyohiyo. Nasi tunadi haki ya kuchagua kihariri. Bei si pesa, ni saa za kuandika mwongozo wa mtumiaji, kazi tunayoikwepa wote tangu Novemba.

Nimekubali haraka mno, Mwanamkuu kanitazama. Lakini hesabu ninayo! Mpaka 30 Juni tuna wiki 16. Keyur ana saa sita za nafasi kwa wiki, sawa na 96. Mimi ninazo tisa, sawa na 144. Nikitaja 97 tu, kwisha habari yake.

Jumamosi, 9 Machi

Saa kumi jioni, chumba cha juu. Nikamwamkia Mzee Ramadhan. Marahaba, mwanangu. Aliuliza kama hiyo huria yetu ni ileile ya soko. Keyur akamwambia hii haina bei, mzee. Mzee akacheka, akauliza sasa kaitiwa nini.

Akaanza. Jamani, sauti ile! Inapanda, inashuka, inarudi. Saa tano! Nani kumi? Keyur kumi. Mimi kumi na tano. Keyur ishirini. Mimi thelathini. Joto, harufu ya mpira wa nyaya toka chini, jua la njano mezani. Mzee anaita, naitika. Nikaviona tena vile vioo. Safari hii vilikuwa elfu, vimefika Tanga, Mwanza, mpaka kwetu Bukoba, na mama yangu anasoma jina kwa kidole. Nani mia? Mimi! Nani mia mbili? Mimi! Utamu ulioje kuitika.

Zimekwenda! Saa mia tatu na kumi. Nikauliza Keyur aliishia ngapi.

Keyur alikuwa amekaa chini, anajifuta machozi ya kicheko. Akasema yeye aliacha kwenye ishirini, dada Theo, toka hapo mimi nilikuwa nashindana na ukuta. Nikamgeukia mzee: mbona hukunisimamisha? Akashangaa. Kazi yake kupandisha bei. Mteja akiitika, amsimamishe kwa lipi? Miaka thelathini hajaona mteja mtamu kama mimi.

Mwanamkuu alishaandika kwenye daftari la kumbukumbu: Cha-Dirisha kimeshinda, jina litawekwa saa zikitimia.

Jumapili, 10 Machi

310 kugawa kwa 9. Wiki 34 na nusu. Ni Novemba! CD zinatoka Juni, ukurasa wa kwanza hauna jina langu. Nimeshinda na nimekosa. Keyur ananisalimia kwa adabu ya kutisha.

Lakini nimelala mchana, nimeamka na jibu. Nani kasema nilichonunua hakiuziki? Unafanyika mnada wa pili. Tunanadi heshima ya kuandika mwongozo, vijana wa chuo nao waitwe. Atakayetaja saa nyingi ataubeba mzigo wote, mimi nabaki na jina. Tatizo moja tu: watu wakiwa wapya huona haya kutaja bei. Kwa hiyo nitawachangamsha mimi mwenyewe. Nitafungua na saa mia. Wakinyamaza, nasema mia mbili.

Barua nimeituma kwa Mwanamkuu, ampe baba yake mkononi. Nimeandika: Mzee Ramadhan, shikamoo. Utakuja kunadi Jumamosi, huji? Sitaki inshallah, sitaki tutaona. Ndiyo au hapana, kabla ya kesho saa nne asubuhi.