Chaquir, Mteja Mkubwa wa Umeme

Jumatatu, 12 Mei 2025
Laini kubwa ya umeme imefika mjini kwetu Palma! Sijala tangu asubuhi. Jenereta yangu inakohoa, na siku itakayozimika moja kwa moja, kiwanda changu cha barafu basi tena. Aiuba, mwenye kiwanda kama changu ng'ambo ya barabara, keshaomba kuunganishwa. Nimemwona anacheka. Anacheka nini?

Jumanne, 13 Mei
Nimekwenda ofisi ya umeme. Mhandisi, Dona Nélia, kaniuliza nina mashine ngapi za barafu. Nikamuuliza Aiuba kasema anazo ngapi. Yeye akanieleza kwamba wateja wadogo huungwa kwenye transfoma ya mtaani, wakubwa huvuta umeme moja kwa moja kutoka kituo kikuu cha umeme. Wakubwa! Nikasema mimi mkubwa, nina mashine kumi na mbili.
Ninayo moja. Anakuja kukagua keshokutwa.

Jumatano, 14 Mei
Jasho. Nimeazima mafriza mtaa mzima, yahesabiwe kama mashine. Shemeji Amido kaleta mawili, na la mama yake, mkwe wangu Bi Alima, likiwa na samaki wa harusi ndani. Mke wangu Sumaia kasema niende nikaseme kweli mapema. Nimemwambia hajui biashara. Kaniuliza mimi ninayeijua nina mashine ngapi.

Alhamisi, 15 Mei
Balaa! Dona Nélia kaingia, nikamkonyeza Amido awashe yote kwa pamoja. Mlio. Moshi. Kimya. Jenereta imekufa. Nikamwambia mgeni ajionee mwenyewe, umeme ninaohitaji hata jenereta imeshindwa kuubeba. Akatikisa kichwa, akaondoka. Mkwe wangu akafungua friza lake.
"Chaquir, baba, samaki hawa nikiwaozesha, wageni watakula nini?"

Ijumaa, 16 Mei
Samaki wamepelekwa kwa Aiuba. Kawafukia kwenye barafu, bure. Angenitukana ningepumua.

Jumatatu, 19 Mei
Majibu. Aiuba alisema ukweli: mteja mdogo, anaungwa wiki hii. Mimi kwa ukubwa wangu lazima kwanza wapime kama laini itanibeba, kisha kituo kiongezewe transfoma. Labda mwakani. Labda mbele zaidi. Nikaomba nihesabiwe mdogo. Dona Nélia kauliza amwamini Chaquir yupi, wa Jumanne ile au wa leo. Halafu kanihurumia: nianze upya, niseme nina mashine moja, nao wataniunga mwezi ujao.
Nikashukuru sana. Nilikuwa nimeshafika mlangoni niliposikia watu wakisema kwamba wenye kuzalisha umeme na kuuingiza kwenye laini huomba dirisha la pili.
Nimerudi nyumbani mbio. Amido anamjua mtu kijijini Pundanhar mwenye jenereta tatu, zote mbovu kidogo tu. Kesho naenda dirisha la pili. Chaquir, mzalishaji! Aiuba atagandisha barafu yake kwa umeme wangu.
Sumaia asijue.