Sukari ya Gelle

Garissa, Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Tangu niwe mkalimani wa kambi ya askari, watu wananiogopa. Mimi nawaogopa zaidi. Nikiingia hotelini kwa Gelle kunywa chai, mazungumzo yanakatika. Gelle akitania, wote wanacheka. Nikitania mimi, wanatazama kandambili zao.

Leo nimepata dawa. Nimemdokezea koplo kwamba hoteli ile ndogo inatumia sukari nyingi mno. Wataifunga wiki moja. Watu watahamia barazani kwangu! Batula, mke wangu, aliniuliza nacheka nini. Sikumwambia.

Jumanne, 4 Oktoba

Ya Allah! Hoteli hawakuifunga. Wamemchukua Gelle mwenyewe! Eti sukari inakwenda kwa shifta, wale waasi wa msituni. Mji kimya. Batula analia: Rahmo, mke wa Gelle, yuko karibu kujifungua.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimeitwa kutafsiri. Nani mwingine? Jicho la Gelle limevimba. Aliponiona akatabasamu, akasema kwa Kisomali, "Walaal, ndugu yangu, Mungu amekuleta. Waambie ukweli."

Afisa akauliza sukari inakwenda wapi. Gelle akajibu kwamba watu wa hapa wanapenda chai tamu. Huyu mkalimani peke yake hutia vijiko vitano. Nikatafsiri. Vijiko nikavifanya viwili. Koplo, ambaye amewahi kunywa nami, akasema ni vitano.

Afisa akanikazia macho. Namjua mtu huyu? Nikisema ndiyo, nimekwisha. Nikisema hapana, koplo yupo. Nikasema namjua kwa upande wa chai tu. Vizuri, akasema, basi nimdhamini. Gelle akitorokea msituni, nitafungwa mimi. Nikatia sahihi. Jina likatoka kama la mtu mwingine.

Ijumaa, 7 Oktoba

Siku ya pili namfuata Gelle. Msikitini, sokoni, mtoni. Akiingia chooni nasimama nje nakohoa, naye anakohoa kunijibu.

Alasiri akapotea! Nilikimbia kando ya Tana nikiliita jina lake kama mwendawazimu. Nilijiona nimeshafungwa pingu. Kumbe alikwenda kumwita mkunga. Rahmo kajifungua mtoto wa kiume. Gelle akanikumbatia mbele ya watu, akasema hajapata kuona rafiki wa namna hii. Mtoto ataitwa Alio. Jina langu!

Nilitaka kumwambia yote. Nikafungua kinywa. Nikaomba chai.

Jumapili, 9 Oktoba

Sasa wote hotelini wananisalimia. Wengine wananiita adeer, yaani ami. Woga umenipungua kidogo, nimelala vizuri.

Ila Diriye, fundi cherehani. Nilimkuta kwenye kiti kilicho karibu na Gelle, anasimulia, watu wanacheka mpaka machozi. Hakuna aliyeniona nikiingia. Nikatoka, nikachungulia dukani kwake. Vitambaa vya kaki tele, kama vya sare! Anamshonea nani? Kesho nitapita kwa koplo. Kumuuliza tu.